Kaunta buku, gari ya mkataba na kilomita za kurudi tupu

Mi nimeanza kushika usukani wa teksi hapa Dodoma Februari 2014, mwezi naukumbuka vizuri kwa sababu ndo ule Bunge Maalum la Katiba limeanza, wajumbe zaidi ya mia sita wameshuka mjini kwa mpigo, na mji wenyewe enzi hizo ulikua mdogo kiasi kwamba ukipiga mluzi Jamatini jamaa wa Makole anageuka. Leseni yangu ya daraja C, ile ya kubeba abiria, ilikua na wiki tatu. Kaka mmoja pale kijiweni mgongo ulimshika akanipa gari yake niwe deiwaka, Corolla 110, mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa nje tu, akaniambia dogo hesabu elfu ishirini, mafuta juu yako, kinachozidi chako, kikipungua deni.

Kilizidi. Yani wiki ya kwanza nilidhani nimeokota. Mheshimiwa anatoka bungeni anaenda gesti Area C, hapo hapo tu, anatoa mwekundu na chenji hataki. Usiku anataka nyama choma, unamsubiri nje masaa matatu unasikiliza redio, na kule kusubiri nako analipa. Sasa kwa mtu aliyetoka Kongwa kuvuna alizeti hiyo ni kazi au ni zawadi? Hapo ndo kichwani kwangu ikaingia kwamba teksi ni kazi ya kusubiri, anayejua kusubiri hafi njaa. Ilikua uongo na nimekaa nao miaka mitano nzima.

Oktoba wajumbe wakaondoka na Dodoma ikarudi kua Dodoma. Upepo, vumbi, na sisi kijiweni tunacheza drafti kwa vizibo vya soda toka saa mbili asubuhi. Bunge la kawaida linakuja kwa misimu, ile ya bajeti ndo ndefu, Aprili mpaka mwisho wa Juni, kwa hiyo dereva wa hapa alikua kama mkulima wa mtama, unavuna miezi mitatu unakula mwaka mzima, na ikipita mikutano ya chama kama ule wa Julai 2015 wa kumpata mgombea urais unasema mvua ya vuli hiyo, haikuwepo kwenye hesabu.

Ngoja niwaambie kuhusu namba nyeupe maana wengi mnapanda teksi hamjui nini kiko nyuma ya ile namba. Gari binafsi ina namba za njano, ya biashara ina namba nyeupe. Ile nyeupe maana yake gari imesajiliwa kibiashara, ina leseni ya usafirishaji, ina bima ya kubeba abiria ambayo ni ghali kuliko ya gari ya nyumbani, dereva ana daraja C na amepita darasani, TRA wanakujua kama mfanyabiashara, na hapo kuna maegesho yanayokuja kwa kontrol namba na mchango wa umoja wa kijiwe. Afu anakuja jamaa na Passo yake ya namba za njano, mfanyakazi wa ofisi fulani, saa kumi na moja jioni akitoka kazini anazungukia stendi anabeba watu. Teksi bubu. Yeye hana hata kimoja kati ya hivyo vyote zaidi ya mafuta.

Mama mmoja aliwahi kuniambia pale stendi ya Nanenane, "Baba, mbona yule kaniambia elfu nne na we unasema nane?" Nikaanza kumuelezea mambo ya bima, kwamba yule akipata ajali na wewe ndani, bima yake ni ya gari ya matumizi binafsi, kampuni ikijua alikua anabeba abiria wa kulipa inaweza kugoma na hospitali utajilipia mwenyewe. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto mgongoni, begi kichwani, akaniambia, "Sasa baba mimi napanga kupata ajali?" Akaenda kwa yule. Tangu siku hiyo bima siielezei tena kwa mtu mwenye begi kichwani.

Na nisiwe mnafiki, bubu na mimi nimeendesha, nitafika huko.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwenye siku ya Mashujaa, hapa hapa Dodoma, kwamba serikali inahamia. Aisee kijiweni ilikua kama Simba wamefunga dakika ya tisini. Mzee mmoja wa kijiwe, yeye alikuwepo toka enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, akabaki amekaa tu kwenye tairi lake anavuta sigara. Anasema hiyo habari kaisikia toka 1973. Lakini ilikua kweli safari hii, Septemba Waziri Mkuu akahamia, na sisi tukaanza kupanga jinsi tutakavyotajirika. Mmoja akakopa akaongeza gari ya pili.

Kilichotokea ni kwamba watumishi wamekuja na magari yao. Wale wasio na magari wamekuja na mabasi ya wizara yanayowachukua asubuhi na kuwarudisha jioni. Afu vijana wakaja na bajaji, na bajaji hapa Dodoma haikodishwi tu, inapiga ruti kabisa kama daladala, mtu anatoa jero au buku anafika Kisasa, anafika Nkuhungu, anafika Area D. Mji ulikua, abiria waliongezeka kweli, ila walioongezeka hawakua wetu.

Sasa gari ya mkataba.

Machi 2017 nikapata mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima, anakaa Area A, ana IST nyeupe amechukua kwa mafao yake. Tukakubaliana kwa mdomo barazani kwake tunakunywa chai ya tangawizi: elfu ishirini na tano kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili yangu, miezi ishirini na nne, ikiisha ananikabidhi kadi ya gari inakua yangu. Service juu yangu, tairi juu yangu, faini juu yangu. Ukipiga hesabu hiyo ni kama milioni kumi na tano na laki sita kwa gari ambayo aliichukua kama kwa kumi, lakini sikuona ubaya, benki gani ingenipa mimi? Hata leo sisemi mikataba ni wizi. Mwenye gari anabeba hatari yake, we unabeba ya kwako.

Nilinunua kaunta buku, kwaya mbili, ile yenye kava gumu jeusi na mgongo mwekundu. Kila Jumamosi jioni napeleka hela ya wiki, naandika tarehe, kiasi, na neno moja, mzee anavaa miwani anasaini. Miezi tisa tulienda hivyo. Siku moja akashika peni akacheka akasema, "Mwanangu, kila Jumamosi unanisainisha kama karani wa mahakama, kwani hatuaminiani?" Nikaona aibu, kweli naona mtu mzima namfanyia kama mtoto. Tukaacha. Hela nikawa mara natuma kwa simu, mara nampa mkononi, mara namwachia bibi pale nyumbani kama mzee amelala.

Mwezi wa ishirini mzee akaumwa. Nimempeleka mwenyewe Benjamin Mkapa kama mara sita, tena mara nyingine saa nane usiku, hela sikuchukua. Novemba 2018 akafariki. Nimebeba watu msibani siku tatu bila kuuliza mafuta. Baada ya arobaini vijana wake wakaja, wawili, mmoja wa Dar mmoja wa Mwanza, wastaarabu tu, mmoja ameshika funguo ya akiba. Wanasema kaka tunashukuru kwa yote, tunakusanya mali za marehemu.

Nikawaambia hiyo gari imebaki miezi minne iwe yangu. Wakaangaliana. Tukaenda ofisi ya mtaa, mwenyekiti, mtendaji, wazee wawili wa balozi, bibi yupo lakini hasemi sana, analia tu. Mtendaji akaniuliza una maandishi? Nikatoa kaunta buku kwa kujiamini kabisa. Akafungua. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akageuza mpaka pale saini zinapoishia. Afu akaniuliza taratibu, hili neno uliloandika kila wiki ni neno gani?

Hesabu. Niliandika "hesabu". Kila mstari, wiki karibu arobaini, "hesabu 150,000", saini ya mzee. Na kila mtu Tanzania hii anajua hesabu ni nini, ni ile hela dereva anampelekea tajiri wake kila siku kwa kuendesha gari ya tajiri. Yani kile kitabu ambacho ndo silaha yangu ndo kilikua kinasema mimi ni dereva wa kuajiriwa. Ningeandika "malipo ya gari" ingekua kesi nyingine. Ningeandika tu "mkataba, wiki ya tatu" ingekua kesi nyingine. Meseji za miamala nazo nilishabadilisha simu. Kiukweli mtendaji aliniangalia kwa huruma, lakini huruma haiandikwi kwenye muhtasari.

Wale vijana walinipa laki nane, wakasema ni ya kushukuru kwa kumpeleka baba hospitali. Milioni kama kumi na tatu nilishalipa. Nilichukua ile laki nane, sikuisusa, nina watoto. Na sikuwachukia sana, ningekua mimi mtoto wa marehemu afu anakuja dereva na daftari limeandikwa hesabu anadai gari ya baba, ningemwamini?

Madereva wa mkataba wakija kuniuliza siku hizi sina hotuba ndefu. Nawaambia nendeni kwa mwanasheria, hata kama mnaona hela yake inauma, karatasi iseme gari inauzwa kwa awamu na sio inakodishwa, iseme kadi inakaa kwa nani, iseme mmoja akifa nini kinafuata, na mke wa mwenye gari asaini awe shahidi. Hilo la mke watu wanalicheka. Bibi wa yule mzee alikua anapokea hela kwa mkono wake na siku ile alikua anajua kila kitu, ila hakuna aliyemuuliza vizuri na mimi nilishindwa kumbana mjane mbele ya watu.

Baada ya hapo ndo nikaendesha bubu. Miezi kama mitano 2019, gari ya shemeji yangu, namba za njano. Nikajua raha yake na shida yake. Raha ni kwamba jioni hela yote unaiona yako. Shida unaishi kama mwizi, hushushi abiria sehemu yenye mwanga, abiria unamwambia akiulizwa aseme mimi ni mjomba wake. Siku moja trafiki akatusimamisha pale karibu na mzunguko, dada niliyembeba akaulizwa huyu nani yako, akajibu mjomba, afande akauliza mjomba wako anaitwa nani. Kimya. Mpaka mimi mwenyewe nilicheka. Makosa mawili, elfu thelathini thelathini, elfu sitini imeondoka, na shemeji akachukua gari yake kesho yake maana deni la faini linasoma kwenye namba ya gari sio kwenye jina langu.

Kilichoniokoa ni kiwanja. Nilikua na kiwanja Nala nilinunua zamani kwa hela ya Bunge la Katiba, kichaka kitupu wakati huo. Serikali kuhamia haikunipa abiria niliowaota, ila ile bei ya kiwanja ilipanda mpaka nikauza, mke wangu akaongezea hela ya kikoba, nikachukua IST ya mkononi kwa mtu Morogoro. Nikaisajili kibiashara, namba nyeupe, leseni, bima, kila kitu. Kaunta buku lilikua bado na kurasa nyingi tupu, roho iliniuma kulitupa, nikasema basi nitaandikia humu humu.

Mwanzo niliandika hela tu. Afu siku moja, sijui nini kilinituma, nikaanza kuandika na kilomita. Natoka naangalia dashibodi, abiria akipanda naandika, akishuka naandika, nikirudi kijiweni naandika. Wenzangu wakaniita karani. Nikafanya mwezi mzima, mwisho wa mwezi nimekaa na mwanangu wa darasa la sita tunajumlisha mezani, anatumia kikokotoo cha simu. Kilomita elfu tatu na mia moja themanini nimetembea. Zenye abiria ndani: elfu moja mia tatu na tisini.

Mtoto akaniuliza, "Baba, hizi nyingine ulikua unampeleka nani?"

Nilikua simpeleki mtu. Nilikua narudi. Chukua Mtumba, Mji wa Serikali, kutoka katikati ya mji ni kama kilomita kumi na saba. Abiria anasema elfu ishirini nyingi, fanya kumi na tano, na wewe umekaa toka asubuhi hujapata kichwa unasema twende. Ukifika pale hakuna mtu wa kurudi nae saa nne asubuhi, watu wako ofisini na jioni wana mabasi yao. Unarudi tupu na ule upepo wa Ihumwa unaisukuma gari pembeni. Kilomita thelathini na nne kwa IST yangu ni lita karibu tatu. Mafuta 2022 yalivuka elfu tatu kwa lita, na huku kwetu bei inakua juu ya Dar kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo karibu elfu tisa imeungua. Imebaki elfu sita, ndani yake kuna oili, tairi, shokapu, bima, leseni, chakula. Na masaa mawili ya maisha yangu. Ile elfu kumi na tano nilikua naihesabu kama elfu kumi na tano! Miaka yote hiyo!

Miaka ya mwanzo haya mambo hayakuonekana kwa sababu mji ulikua mdogo. Kurudi tupu kutoka Area C ni dakika tano. Mji ulivyotanuka, Iyumbu huko, Ng'ong'ona, Msalato, Ikulu Chamwino, Nala, kila safari ikawa na mkia, na mkia haulipwi na mtu. Sisi tukaendelea kupanga bei kwa kichwa cha Dodoma ya 2014.

Hili linagusa hata teksi mtandao. Nilijiunga na programu moja ya simu, sitaitaja, na kuna zuri lake, mteja anaiona bei kabla hajapanda na ugomvi unaisha. Ila simu inalia unaambiwa abiria yuko kilomita nne, unamfuata, anaenda kilomita tatu, nauli elfu tano, kampuni inakata chake, na zile nne za kumfuata hazipo popote kwenye skrini. Jamaa yangu yuko Dar ananiambia huko ndo walikua wanagombana kabisa mambo ya makato, 2022 LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ilisema kamisheni isizidi asilimia kumi na tano, Aprili Uber wakasimamisha huduma, wakarudi mwaka uliofuata baada ya kiwango kupandishwa mpaka asilimia ishirini na tano. Watu wanajadili asilimia. Mi naona asilimia ni nusu ya jambo, nusu nyingine iko kwenye zile kilomita za kumfuata mtu, lakini hizo sijawahi kusikia mtu anazijadili. Programu bado ninayo, naiwasha nikiwa tayari nipo mbali na nyumbani natafuta wa kurudi nae, basi.

Na treni ya SGR ilivyoanza kufika hapa Julai 2024 kijiweni ilikua tena ile ile ya 2016, tumetajirika jamani. Mtu katoka Dar kwa elfu thelathini na moja, kajiachia kwenye siti, AC, amelala amefika. Unamwambia kutoka stesheni mpaka Kisasa elfu kumi na tano anakuangalia kama umemwekea kisu. Na simlaumu! Kwa mabasi abiria walikua wanashuka Nanenane kidogo kidogo mchana kutwa, treni inamwaga watu wote kwa robo saa, nje kuna teksi na bajaji na boda mpaka huoni lami, robo saa ikipita imepita, unasubiri nyingine masaa. Mi stesheni naenda nikiwa nimepigiwa simu tu. Kukaa pale kwa kubahatisha nimewaachia vijana, wana migongo mizima.

Migongo, ndio. Kwenye kazi hii hakuna anayekuambia kuhusu mgongo na kibofu. Unabana mkojo toka Nanenane mpaka Veyula kwa sababu abiria ana haraka, miaka kumi, afu unaenda hospitali daktari anakuuliza unafanya kazi gani kabla hujakaa.

Kilichobadilika kwangu baada ya lile daftari sio kikubwa. Bei ya mbali natamka kama kwenda na kurudi, mteja akikataa namwambia kwa upole mama panda bajaji mpaka Ihumwa hapo utapata nyingine, namwelekeza kabisa, na wengine wamenirudia kwa sababu ya ile kuelekezwa. Na bajaji niliacha kuwanunia. Zamani ilikua vita, tunawafukuza kijiweni, wanatutukana. Sasa wale vijana wa Makole wana namba yangu, wakipata mtu ana mabegi manne, au mgonjwa, au safari ya Mpwapwa usiku, wananipigia nawapa buku mbili ya juu. Kazi tatu nne kwa wiki zinatoka kwa watu niliokua nawaita maadui. Usiku nao nina sheria yangu, wanaume wawili wanatoka baa wanataka kwenda ule upande wa viwanja vipya visivyo na taa, mmoja anataka akae nyuma yangu, hiyo hapana hata kwa laki, namwambia gari ina tatizo la klachi. IST ni otomatiki. Hakuna aliyewahi kunihoji.

Mafuta yakitangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi bado tunakusanyika kusoma bei za EWURA kwenye simu ya mmoja wetu. Yakipanda mteja hajasikia. Yakishuka shilingi ishirini, saa moja asubuhi mteja wa kwanza anakuambia dereva, si mafuta yameshuka?

Lakini safari ya Mtumba ndo nataka nimalizie, maana ilinitesa. Kuna mama anapika chakula anauza kule kwa mafundi na walinzi na baadhi ya watumishi, anakaa Ipagala. Asubuhi anapelekwa na mwanae kwa pikipiki ya matairi matatu, ila saa nane mchana akishauza anahangaika na mahotpoti yake matano, ndoo mbili na sufuria, daladala hawamtaki, wanamwambia lipia siti mbili. Nilimkuta kakaa juu ya ndoo pale barabarani siku ambayo mimi nilikua narudi tupu kama kawaida yangu. Nikasimama. Akasema, "Mwanangu sina hela ya teksi." Nikamuuliza daladala na bajaji vinakugharimu ngapi mpaka mlangoni. Akasema vyote na mizigo elfu nne. Nikamwambia nipe hiyo hiyo.

Sasa hivi ni mwaka wa tatu. Nikipata mtu wa kwenda Mtumba kabla ya chakula cha mchana namwambia tutoke saa saba unusu kama hana haraka, na namtumia mama meseji, ananijibu kwa neno moja, "Njoo." Kwenye kaunta buku ana safu yake. Wiki iliyopita nilibeba afisa mmoja jioni, suti, kompyuta mapajani, anafungua kioo na vumbi lote lile, anafunga, anafungua tena, mwisho akaniuliza, "Kaka, hii gari mbona inanuka maharage?"

Nikamwambia mkuu, hayo ndo mafuta ya kurudia.